Nakala Rudufu, Chelezo na Akiba: Uhakiki wa Istilahi za Kutunza Data katika Tepe za Sumaku

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno yanayotumika sasa katika Kiswahili kuelezea kazi moja ambayo wananchi wengi hawaioni, yaani kazi ya kunakili ghala kubwa za data za mtandao katika tepe za sumaku, ili data hizo zipatikane tena siku zitakapopotea. Kazi hiyo hufanyika usiku, katika vyumba vyenye baridi na kelele za feni, na ikifanyika vizuri hakuna anayeisifu. Lakini maneno yake yamekwisha kutoka katika vyumba hivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na utekelezaji wake ulipopata nguvu tangu mwaka 2016, ofisi zilihama pamoja na majalada yake, na majalada mengi ya siku hizi si ya karatasi. Sheria ya Serikali Mtandao ilitungwa mwaka 2019. Mwaka 2021 sheria nyingine ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno linaloandikwa leo na fundi wa kompyuta katika karatasi ya maelekezo laweza kesho kusomwa mbele ya hakimu anayetaka kujua ni nani alipaswa kufanya nini.

Matini tuliyoyatazama ni ya namna tatu: faharasa za programu zilizokwisha kutafsiriwa, karatasi za maelekezo za ofisi mbili za umma za hapa Dodoma (hatuna haja ya kuzitaja), na mazungumzo ya mafundi wenyewe. Mafundi, tuseme tangu mwanzo, wana neno lao. Wao husema “bakapu”, na kitenzi chake ni “kubakapu”. Hatulichukii neno hilo. Limetoholewa kwa kufuata sauti za Kiswahili, lina irabu mwishoni, na kila fundi analielewa. Ila halimwambii lolote mtu asiye fundi, na mtu asiye fundi ndiye mwenye kutia sahihi hati ya ununuzi.

Kwamba jambo hili si la wanaisimu peke yao lilidhihirika Korea Kusini tarehe 26 Septemba 2025, pale moto ulipozuka katika kituo cha serikali cha kompyuta katika mji wa Daejeon. Miongoni mwa vilivyoteketea ni ghala la mtandao ambamo watumishi wa serikali walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi, lenye data zipatazo terabaiti 858. Nakala nyingine haikuwapo nje ya kituo hicho. Sababu iliyotolewa ni kwamba ghala lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Na tufanye hesabu. Kasha moja la utepe wa kizazi cha 9 cha aina iitwayo LTO, kilichotoka mwaka 2021, huchukua terabaiti 18 bila kuzibana data. Makasha 48 yangetosha, na hayo hukaa katika sanduku moja ambalo watu wawili wanaweza kulibeba. Tatizo ni muda: mashine moja huandika megabaiti 400 kwa sekunde ikienda bila kusita, na kwa mwendo huo terabaiti 858 huhitaji siku 25 hivi. Mashine nne zikifanya kazi kwa pamoja huhitaji siku sita na saa chache. Ni kazi nzito, lakini inawezekana. Mkuu wa ofisi anayeambiwa kwamba “haiwezekani” anapaswa kuwa na lugha ya kuuliza kwa nini, na lugha hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Istilahi iliyoenea zaidi katika maandishi rasmi ni “nakala rudufu”. Kwa sura ni istilahi nzuri. “Rudufu” ni neno ambalo ofisi zetu zimelizoea tangu siku za mashine za kurudufia, wakati mitihani ya shule ilipokuwa ikitoka na wino ungali mbichi. Kosa lake liko katika dhana. Rudufu ni kitu cha pili kilicho sawa na cha kwanza, basi. Haidokezi kwamba cha pili kimetengwa na cha kwanza, wala kwamba kitabaki vile vile baada ya cha kwanza kuharibika. Sasa, mafundi wana mpango mwingine kabisa ambao ndio hasa unaostahili jina hilo: diski mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja, kila badiliko la moja likitokea papo hapo katika nyingine. Diski moja ikifa, ya pili huendelea. Lakini karani akifuta jalada kwa bahati mbaya, hufutika kote kuwili katika sekunde ile ile. Mharibifu akiingia kwa njia ya mtandao na kuyafunga majalada kwa ufunguo wake ili alipwe fedha, rudufu nayo hufungwa. Ofisi yenye diski rudufu huweza kuandika kwa unyofu kamili kwamba “ina nakala rudufu”, na bado isiwe na kitu siku ya msiba.

Mfano upo. Mwezi Februari mwaka 2011 kampuni ya Google ilipata hitilafu ya programu iliyofanya barua za sehemu ndogo ya watumiaji wake zitoweke. Kampuni hiyo huweka kila barua katika nakala kadhaa, katika vituo mbalimbali. Zote zilikuwa rudufu, na hitilafu ilizipitia zote. Barua zilirudishwa kutoka katika tepe, kwa sababu tepe zilikuwa hazikuunganishwa na mtandao. Kama wafasiri wetu wangeitazama habari hiyo kabla ya kuchagua neno, tunadhani wasingechagua “rudufu”.

Mshindani wake ni “chelezo”, ambalo huonekana katika tafsiri za programu na hupendwa mno na mashine za kutafsiri. Hapana shaka aliyelipendekeza alikuwa na fikra ya kishairi. Chelezo ni kitu kinachoelea. Chombo kikizama, mtu hukishika akaokoka. Tunaiheshimu fikra hiyo, hasa kwa kuwa inatoka ndani ya Kiswahili chenyewe na haikuazimwa popote. Hata hivyo neno hili lina kazi nyingine tayari, na kazi hiyo ni ya serikali ile ile. Chelezo ni mahali meli zinapopandishwa ili zitengenezwe, na tangu mradi wa meli mpya na chelezo ulipoanza Mwanza, neno hilo limesikika mara nyingi katika hotuba za bajeti hapa Bungeni Dodoma. Mbunge akiuliza fedha za chelezo zimekwenda wapi, haitakuwa vema wizara mbili zisimame kujibu. Tena, mlinganisho wenyewe una kasoro. Chelezo humwokoa msafiri, hakiirudishi meli wala shehena yake. Sisi tunataka shehena irudi yote, mpaka faili la mwisho. (Wapo watakaosema pia kwamba neno la majini halikufaa kuletwa katika mji ambao jina lake, kwa masimulizi ya Wagogo, linatokana na tembo aliyedidimia asitoke. Hiyo si hoja ya kiistilahi, lakini tuliisikia na ikatuchekesha.)

Neno tunalolipendekeza ni “akiba”, na istilahi kamili ni “nakala ya akiba”. Akiba ni kitu kilichotengwa, hakitumiwi katika mahitaji ya kila siku, na kinaguswa kwa sababu tu. Mkulima wa uwele katika nchi hii kavu hachanganyi mbegu na chakula. Masuke mazuri huchaguliwa, hutundikwa pake yake, mara nyingi juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu, na watoto hujua kwamba hayo hayaliwi hata kihenge kikiwa kitupu. Nchi iliyopitiwa na njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, haina haja ya kufundishwa maana ya kutenga. Dhana yote ya utaalamu imo humo: kitu kimetoka katika kile kile kinachotumiwa, kimewekwa mahali pengine, kwa njia nyingine ya kutunza, na kinalindwa dhidi ya mkono wa mwenyewe.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba akiba ni habari ya fedha na chakula. Kweli, lakini neno halipungukiwi kwa kutumika katika mambo ya maana. Pingamizi zito zaidi ni methali. Wahenga walisema akiba haiozi, na ya utepe yaweza kuoza. Watengenezaji hutaka tepe za kutunzwa muda mrefu zikae katika joto la nyuzi 16 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 50. Uwanda wetu, ulio mita zaidi ya 1,000 juu ya bahari, unatusaidia katika unyevu kuliko pwani inavyoweza; lakini unatupa vumbi la mwezi wa Septemba, na vumbi ni adui wa kichwa cha kusomea. Tena akiba isiyojaribiwa si akiba. Tunaona methali haituzuii, mradi fundi asije akaitumia kuwa kisingizio cha kutofungua kabati.

Kitenzi “hifadhi” kimetusumbua kuliko vyote. Katika karatasi moja ya maelekezo tuliyoisoma, kitenzi hiki kimefanya kazi nne: kuandika faili katika diski baada ya kulihariri, kuliweka katika ghala la mtandao, kulinakili katika utepe, na kulipeleka katika nyaraka za kudumu. Hayo ni matendo manne, yanafanywa na watu tofauti, na wajibu wa kila moja ni wa mtu mwingine. Afisa akibonyeza kitufe kilichoandikwa “Hifadhi” husadiki kwamba hati yake sasa imehifadhiwa kwa maana anayoijua yeye tangu utotoni, yaani imelindwa. Haikulindwa. Imeandikwa tu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulifungua njia ya kushukuriwa, na neno la kitufe limekwisha kuota mizizi kiasi kwamba kuling'oa ni kupoteza nguvu. Tuliache kitufe na neno lake. Lakini katika maelekezo ya kazi kila tendo katika hayo lipewe kitenzi chake: kuhifadhi kwa kitufe, kuweka kwa ghala, kutia akiba kwa utepe, na kwa nyaraka za kudumu litumike lugha ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo ndiyo yenye mamlaka. Msomaji makini atatukumbusha kwamba Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hutumia “hifadhi” kwa maana ya akiba hasa. Ndivyo, na tunamjibu kwamba gunia la mahindi halina kitufe.

Kutoka kwa wakala huo, lakini, tumepata msaada kwa istilahi iliyokuwa imetushinda. Ghala la data la mtandao hugawanywa katika sehemu, kila moja ikiwa na jina lake, kipimo chake na orodha yake ya majalada. Moja huweza kujaa au kufungwa bila ya nyingine kuguswa. Kwa Kiingereza sehemu hiyo huitwa kwa neno lenye maana nyingi mno, na wafasiri wetu wameliangukia kila upande. Tumekuta “juzuu”, kana kwamba ni kitabu. Tumekuta “ujazo”, ambao ni kipimo na si chombo. Sentensi “ujazo umejaa” iliyomo katika karatasi mojawapo haina maana kwa mtu yeyote mwenye Kiswahili chake. Mahali pamoja, kwa aibu yetu sote, tumekuta “sauti”: “Sauti namba 3 inakiliwe kila Ijumaa.” Hapo ni dhahiri kwamba mashine ilitafsiri na binadamu hakusoma.

Sisi tunapendekeza “kihenge”. Ghala ni jengo zima. Ndani yake mna vihenge, kila kimoja na mfuniko wake na nafaka yake. Neno hili si la makumbusho. Serikali imejenga vihenge vya kisasa vya chuma katika mikoa kadhaa, na wananchi wanavijua kwa jina hilo hilo. Mtu wa pwani atasema kwao hakuna vihenge. Tunamwambia kwamba kwetu hakuna mikoko, na bado tunajua boriti ni nini. Tena hatuko peke yetu katika mlinganisho huu. Kampuni ya Marekani ya StorageTek ilipotoa mwaka 1987 mashine yake kubwa ya mviringo, ambamo mkono wa chuma ulizunguka ukichagua makasha ya tepe, wahandisi waliipa jina la utani la ghala la nafaka la mnara. Wao walikipa jina hilo kile kilichobeba tepe, sisi tunakipa kile kinachomiminwa ndani ya tepe, lakini macho yao na yetu yaliona kitu kimoja.

Kihenge kikubwa ndicho kinacholeta taabu ya kitaalamu. Cha terabaiti 100 hakiingii katika kasha moja. Chahitaji makasha sita, na kwa mashine moja ya mwendo tulioutaja ni kazi ya saa 70, kupita mwisho wa juma. Hivyo mafundi hukigawa, au hukinakili chote mara chache na mabadiliko yake mara nyingi. Hapa wafasiri wamefanya jambo la hatari. Nakala ya kihenge kizima wameiita “nakala kamili”, nasi hatuna neno. Lakini ile ya mabadiliko wameiita “nakala ya nyongeza”, na kila msomaji huelewa kwamba ni nakala ya ziada, ambayo ikipotea si kitu. Kumbe ndiyo kiungo cha mnyororo: ya Jumatatu ina mabadiliko ya tangu Jumapili, ya Jumanne ina ya tangu Jumatatu, na ya Jumatatu ikipotea, zinazofuata haziwezi kurudisha kihenge kilivyokuwa. Tunapendekeza “nakala ya hatua”, kwa kuwa kila mtu anajua nini hutokea hatua ikikosekana katika ngazi. Ipo namna nyingine, ambamo kila usiku hunakiliwa mabadiliko yote tangu nakala kamili ya mwisho. Hiyo huzidi kuwa nzito kadiri juma linavyoendelea, lakini kurudisha huhitaji mbili tu. Iitwe “nakala ya mkusanyo”. “Kurejesha” linatosha kwa tendo la kurudisha, na hatulisemei zaidi.

Kuhusu kitu chenyewe, ushindani ni kati ya “kanda”, “mkanda” na “utepe”. “Kanda” lina heshima ya historia. Ni neno la maktaba ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako muziki wa miongo mingi ulitunzwa kwa njia hiyo, na ni neno la kila nyumba iliyokuwa na redio ya kaseti. Tungelichukua kwa furaha kama tusingekuwa Dodoma. Hapa “Kanda ya Kati” ni sisi na wenzetu wa Singida, na barua isemayo “kanda zote zikaguliwe” imekwisha kuleta maswali katika ofisi yenye matawi mikoani. “Utepe” ni mwembamba kwa maana na kwa umbo: ni mita 1,035 za plastiki yenye sumaku, upana wake haufiki milimita 13, imeviringwa ndani ya kasha. Wingi wake, “tepe”, ni pia alama za begani za koplo, lakini hatudhani jeshi litachanganyikiwa. Mashine yake mafundi huiita “draivu”, nayo ibaki draivu.

Tumeliacha nyuma neno ambalo kwa maoni yetu lingepasa kusahihishwa kabla ya mengine yote, hata kabla ya kikao kijacho cha kusanifu. Karatasi zote mbili zina agizo: “Baada ya majuma manne, andika juu ya utepe wa zamani.” Mwandishi alikusudia kwamba yaliyomo yafutwe kwa kuandikiwa mapya. Lakini kasha la utepe lina kibandiko mgongoni, na juu ya kibandiko ndipo fundi huandika kwa kalamu tarehe na jina la kihenge. “Andika juu ya utepe” kwa Kiswahili sahihi ni kuchukua kalamu. Fundi mpya atakayeitii lugha yake ataacha data za zamani mahali pake na nakala ya usiku huo haitakuwa na nafasi. Ni hasara, ila ndogo. Hasara kubwa ni ile ya kinyume: fundi aliyekwisha kuzoea kwamba “andika juu” maana yake ni kufuta, akaletewa kasha la mwisho wa mwaka lenye agizo la kuandika juu yake jina la idara. Na utepe si kama diski. Ukiandika hata kidogo mwanzoni mwake, mashine huweka hapo alama ya mwisho wa data, na yote yaliyofuata hayasomeki tena kwa njia ya kawaida, ijapokuwa sumaku yake ingalipo.

Shida hii haikuwapo zamani. Watu waliorekodi nyimbo kutoka redioni walisema “usirekodi juu ya kanda hiyo”, na hakuna aliyedhani kwamba inahusu kalamu; waliotaka kuwa na hakika zaidi walivunja vijino viwili vya nyuma ya kaseti. Utata uliingia siku mfasiri alipoliondoa “rekodi” kwa kuwa ni la kigeni, akatia “andika” kwa kuwa ni letu. Tunapendekeza agizo liwe “futa na urekodi upya”, na la kibandiko liwe “andika kwenye kibandiko”. Makasha ya mwisho wa mwaka yafungwe kile kiswichi chekundu cha kuzuia kurekodi, au yanunuliwe ya aina inayokubali kurekodiwa mara moja tu. Ofisi zote mbili tumezipelekea karatasi zao zikiwa na masahihisho hayo kwa wino mwekundu, na agizo la majuma manne tumelifunika kwa karatasi nyeupe mpaka lichapwe upya.